Taimushea: ununue kwa kampuni, au mkononi kwa mwenye nayo?

Swali tunaloulizwa kuliko yote huja kwa simu, na mara nyingi anayepiga bado yuko likizoni. Ametoka sasa hivi kwenye chumba cha mauzo, ameshika folda nene ya karatasi, na kichwa kinamuuma. "Wameniambia bei hii ni ya leo tu," anasema. "Lakini nimeangalia kwenye simu, nimeona mtu anauza wiki kama hiyo, hoteli hiyohiyo, kwa chini ya nusu. Anayetaka kuniibia ni yupi?"

Huwa tunamjibu kwamba huenda hakuna anayemwibia. Vitu viwili hivyo vina jina moja, lakini haki zilizomo ndani yake huenda zisiwe sawa. Sisi kazi yetu ni kusoma mikataba ya taimushea kwa niaba ya wateja kabla hawajatia saini. Hatuuzi wiki wala pointi, hatupati kamisheni kwa upande wowote, kwa hiyo tunaweza kusema wazi tunachokiamini: kwa familia nyingi, kununua mkononi ndiyo njia ya busara, mradi tu haki wanayoitaka hasa isiwe miongoni mwa zile zinazokatika mkataba unapohamia kwa mmiliki mpya. Kama ni miongoni mwa hizo, basi unafuu wa bei hautawafaa kitu.

Kwa ambaye hajawahi kuikaribia, taimushea ni umiliki wa zamu. Humiliki nyumba ya likizo mwaka mzima. Unamiliki haki ya kuitumia kwa muda fulani, kwa kawaida wiki moja, na wenzako wana zamu zao. Wazo hili lilikua Ulaya miaka ya 1960, na kampuni ya Hapimag, iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1963, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa. Wiki za mwaka hupewa namba, 1 hadi 52, na mwenye wiki maalumu huingia wiki yake ileile kila mwaka. Mwenye wiki ya kuelea huchagua tarehe ndani ya msimu wake, na anayewahi ndiye anayepata. Siku hizi kampuni kubwa nyingi zinauza pointi, ambazo ni kama fedha ya ndani ya klabu: chumba kikubwa wakati wa watu wengi kinakula pointi nyingi, chumba kidogo wakati wa utulivu kinakula chache.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia kwenye bei. Kuna mikataba yenye hati miliki isiyo na mwisho, inayorithiwa kama ardhi, na kuna mikataba ya haki ya kutumia yenye mwaka wake wa mwisho. Tofauti hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani, na tutairudia.

Kwa nini bei inaanguka hivyo

Chumba cha mauzo kinagharimu fedha nyingi. Zile zawadi za kukuvuta uje, ule usiku wa bei nafuu, kile kifungua kinywa, yule kijana aliyekusimamisha kwenye ukumbi wa hoteli, muuzaji, msimamizi wake, na yule wa tatu anayeletwa mwishoni na bei mpya baada ya wewe kukataa mara mbili: wote hao wanalipwa kutokana na bei unayotajiwa. Uuzaji na matangazo hula sehemu kubwa sana ya bei ya kampuni, na sehemu hiyo haimo ndani ya chumba. Siku ukitaka kuuza, hakuna atakayekurudishia.

Sababu ya pili ni ada ya mwaka. Kila mmiliki hulipa ada ya matunzo, atumie zamu yake asiitumie. Mtu aliyezeeka, aliyeachana na mwenzake, au ambaye watoto wamekua na hawasafiri tena pamoja, anataka kuutua mzigo huo kabla ankara ya mwaka ujao haijaja. Ndiyo maana utakuta wiki inauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine zinatolewa bure kabisa. Chumba hakijaharibika. Kitanda ni kilekile, bwawa ni lilelile, na funguo utapewa mapokezi kama yule aliyelipa bei kamili.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo tunapoona wateja wakinyamaza. Tuseme bei ya kampuni ni 100, na wiki hiyohiyo mkononi ni 30. Ada ya mwaka tuiweke 5, na tuseme inapanda kwa asilimia 4 kila mwaka. Kwa miaka 20 utakuwa umelipa ada ya karibu 149. Aliyenunua kwa kampuni ametoa jumla ya 249; aliyenunua mkononi ametoa 179 na gharama kidogo za uhamisho. Ukiitazama hesabu hii vizuri utaona mambo mawili. La kwanza, tofauti ya 70 ni fedha ya kweli. La pili, ambalo halisemwi vya kutosha, ni kwamba kwa wote wawili ada imeshinda bei. Ada haijui ulinunua wapi. Anayenunua mkononi akajiona amepata bure bado amebeba ile 149, pamoja na michango maalumu itakayodaiwa siku paa likihitaji kubadilishwa au dhoruba ikipiga.

Mkopo wa kampuni ndio unaotuumiza moyo zaidi. Riba zake kwa kawaida ni kubwa kuliko za mkopo wa nyumba. Ile 100 ukiikopa yote kwa riba ya asilimia 14, ukailipa kila mwezi kwa miaka 10, utakuwa umerudisha 186. Yaani umelipa karibu mara mbili kwa kitu ambacho sokoni ni 30. Kama huna fedha taslimu za kununua kwa kampuni, ushauri wetu ni usinunue kwa kampuni. Hapa hatuna lugha ya kuzungukazunguka.

Kinachokatika njiani

Kampuni zinajua kwamba bei ya mkononi inawashindania, kwa hiyo zimejifunza kuweka mipaka. Mfano ulio wazi ni Disney Vacation Club, klabu ya taimushea ya Disney, iliyoanza mwaka 1991. Anayenunua mkononi tangu tarehe 19 Januari 2019 pointi za mojawapo ya hoteli 14 za mwanzo hawezi kuzitumia kwenye hoteli yake ya Riviera wala kwenye hoteli mpya zilizowekwa chini ya masharti hayo baadaye. Na anayenunua mkononi pointi za Riviera yenyewe anaweza kuzitumia Riviera tu. Pointi hizohizo zikinunuliwa kwa kampuni, zinafungua milango yote. Sasa, kama wewe unaipenda hoteli moja ya zamani na huko ndiko unakokwenda kila safari, mpaka huo haukugusi, na haki yako ya kuweka nafasi mapema kwenye hoteli yako ya nyumbani, yaani ile ambayo pointi zako ni zake, miezi 11 kabla, inabaki kama ya mwingine yeyote. Kama ulichokipenda ni uhuru wa kuhamahama, basi mkononi utapewa nusu ya ulichokitaka.

Kwenye klabu nyingine mpaka unakaa mahali tofauti. Mara nyingi kinachopotea ni madaraja ya heshima, yale yanayokupa punguzo, chumba bora zaidi au nafasi ya kutangulia; pointi za mkononi hazihesabiwi kufikia daraja. Kwingine kinachopotea ni haki ya kubadilisha pointi za taimushea kuwa pointi za hoteli za kawaida au za ndege. Tukiwa wakweli, haki hiyo ya kubadilisha wengi wanailipia kwa bei kubwa kisha wanaitumia mara moja, wanaona thamani iliyopotea kwenye ubadilishaji, na hawairudii. Kisha kuna mashirika ya kubadilishana zamu kati ya hoteli mbalimbali, RCI lililoanza mwaka 1974 na Interval International la mwaka 1976. Hapo uliza swali moja: uanachama unakuja na mkataba huu, au nitajiunga mwenyewe na kulipia mwenyewe?

Mteja anayetaka wiki ileile, chumba kilekile, kila mwaka, kwa hati miliki yenye namba ya wiki, karibu hana cha kupoteza. Huyo akinunua kwa kampuni tunamwomba atueleze sababu.

Na nani anunue kwa kampuni? Yule anayetaka klabu nzima na ameshajua, kwa kuandika kwenye karatasi, ni faida gani tatu au nne atakazozitumia na zina thamani gani kwake kwa mwaka. Pia yule anayeitaka hoteli mpya ambayo bado haina wauzaji wa mkononi. Wapo, na tumewasomea mikataba yao kwa furaha. Ila ni wachache, na karibu wote walikwenda nyumbani wakalala kwanza, wakapiga hesabu siku iliyofuata. "Bei ya leo tu" haijawahi kutuzuia kuwaombea wateja bei hiyohiyo wiki iliyofuata.

Mstari mmoja kwenye taarifa

Mteja wetu mmoja alipata mkononi mkataba wa pointi 200 kwa mwaka, bei nzuri, muuzaji mtu mwungwana. Tangazo lilisema "pointi 200 kila mwaka," na hilo lilikuwa kweli. Tuliomba taarifa ya akaunti kutoka hotelini, siyo picha ya skrini kutoka kwa muuzaji. Ikaja kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina, namba ya mkataba, mwezi wa kuanza mwaka wa matumizi, ada: imelipwa. Kila kitu safi. Ukurasa wa pili, chini kabisa, palikuwa na safu mbili za namba: mwaka huu, zilizobaki 0, mwaka ujao, zilizobaki 12. Muuzaji alikuwa ametumia za mwaka huu, kisha akakopa karibu zote za mwaka uliofuata kwa safari ya mwisho ya familia. Hakuficha, hakuna aliyemwuliza. Mteja wetu angelipa bei, angelipa ada ya mwaka mzima, na angekaa zaidi ya mwaka bila kulala hata usiku mmoja.

Hatukuvunja biashara. Tuliwaandikia kwamba bei ishuke, na kwamba ada ya mwaka ambao pointi zake zimeshaliwa ilipwe na aliyezila. Muuzaji alikubali siku hiyohiyo.

Ndiyo maana tunasema anayenunua mkononi bila taarifa ya hotelini ananunua mbuzi kwenye gunia. Ndani ya taarifa hiyo tafuta jina la mwenye mkataba, na kama ni wawili, wote wawili watie saini; kama mmoja amefariki, mirathi iwe imekamilika. Tafuta deni: la ada, la mkopo, la mchango maalumu uliotangazwa lakini haujadaiwa bado. Tafuta kama ni kila mwaka au mwaka mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu matangazo mengi hayasemi. Na tafuta mwaka wa mwisho. Hoteli za BoardWalk na Beach Club za Disney, kwa mfano, mikataba yake inaisha tarehe 31 Januari 2042. Anayenunua leo amebakiwa na miaka isiyofika 20, na bei iendane na miaka hiyo, siyo na picha za kwenye brosha.

Malipo yapitie kwa mtu wa tatu anayeshika fedha mpaka uhamisho ukamilike. Usimtumie muuzaji moja kwa moja, hata kama mmezungumza vizuri, hata kama ni rafiki wa rafiki. Kwenye mikataba mingi kampuni ina haki ya kununua kwanza: mkishakubaliana bei, wao wanapewa siku kadhaa, mara nyingi 30, kuamua kama wataichukua wao kwa bei hiyohiyo. Wakiichukua, unarudishiwa fedha zako na unaanza upya. Inauma, lakini hujapoteza kitu ila muda.

Halafu kuna uhamisho wa mara mbili, na hapa watu wengi wanateleza. Hati ikishasajiliwa serikalini, pale inapotakiwa kusajiliwa, bado hoteli haikujui. Hoteli ina daftari lake, na mpaka jina lako liandikwe humo huwezi kuweka nafasi, na ankara itaendelea kwenda kwa muuzaji. Usihesabu kazi imeisha mpaka umepata barua ya hoteli yenye jina lako. Jumla yake ni wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kama safari ni karibu, kodi chumba tu.

Siku za kubadili mawazo

Ununuzi wa kwa kampuni una kinga moja kubwa ambayo ya mkononi mara nyingi haina. Katika Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2008 kuhusu taimushea, mnunuzi ana siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na ndani ya siku hizo mfanyabiashara haruhusiwi kupokea malipo yoyote ya awali. Kama hakupewa fomu ya kujitoa, muda huo unarefuka hadi mwaka mmoja na siku 14. Jimbo la Florida, Marekani, linatoa siku 10, zikihesabiwa tangu kutia saini au tangu kupokea nyaraka ya mwisho inayotakiwa kisheria, lolote lililo la baadaye. Jimbo la Nevada ni siku 5. Sheria hizi zimewalenga wafanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, usijiegemeze kwazo.

Kujitoa hufanywa kwa maandishi, kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba wenyewe, na kwa anwani iliyomo humo. Simu haitoshi. Kumwambia muuzaji uso kwa uso ndiyo haitoshi kabisa. Atakukaribisha mkae tena. Tuma kwa njia inayokupa stakabadhi yenye tarehe, na uitunze.

Kuhusu matapeli tuseme kidogo, maana mnunuzi wa leo ndiye muuzaji wa kesho. Wanaokamatwa zaidi ni wamiliki wanaotaka kuuza. Mtu anakupigia, ana mnunuzi tayari, anataka tu ulipe kwanza kodi au gharama za uhamisho. FBI ya Marekani ilieleza kwamba kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 katika ulaghai wa namna hii uliohusu taimushea za Meksiko. Muuzaji halipi ili auze kwa mtu asiyemjua. Akiombwa, akate simu.

Kwa hiyo kabla hujatia saini popote, uliza pia mlango wa kutokea. Mkataba usio na mwisho utawafikia watoto wako, na ada zake. Je, kampuni ina mpango wa kupokea mkataba mtu akichoka? Na je, mpango huo unapokea mikataba iliyonunuliwa mkononi? Jibu walitoe kwa maandishi.

Tungependa pia ujaribu kitu kimoja ambacho hakituingizii chochote. Kodi wiki moja kutoka kwa mmiliki wa hoteli unayoitaka, msimu uleule unaoufikiria. Wamiliki wengi hukodisha kwa bei isiyo mbali sana na ada yao ya mwaka. Utalala kwenye kile chumba, utaona kama watoto wanakipenda siku ya tano kama siku ya kwanza, na utasikia wamiliki wengine wakizungumza bwawani kuhusu ada iliyopanda. Baadhi ya wateja wetu wamekodi hivyo mwaka baada ya mwaka na hawajanunua mpaka leo.

Na kama unasoma haya ukiwa bado hotelini na folda ipo mezani, fungua ukurasa wenye saini yako na uangalie tarehe. Kisha tafuta ukurasa unaotaja haki ya kujitoa. Mara nyingi uko karibu na saini, kwa herufi nzito. Piga picha kurasa hizo mbili, tutumie, na utuambie ni siku gani ulipokabidhiwa karatasi ya mwisho. Kurasa hizo tunazisoma siku hiyohiyo zinapotufikia, hata Jumapili, kisha tutakuambia una siku ngapi mkononi. Hayo mengine yote, pamoja na yule anayeuza kwa chini ya nusu, yanaweza kusubiri mpaka ufike nyumbani.